Kamera ya Tela Inamsikia Mama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja: tangu nimalize shule namsikiliza mama kwa siri akimsema baba, na baba amekaa pembeni yangu hasikii kitu, kwa sababu sauti nimeipunguza mimi, na siizimi kabisa kwa kuwa, nisamehe, napenda kusikia.

Baba ni fundi wa mizani, huzunguka masokoni nasi tukivuta tela la kulala lenye vitanda na jiko dogo, na kwenda mbele hana shida ila akiweka rivasi hushikwa na kitu kama homa, ameshagonga lango, pipa la maji na ukuta wa jirani, ndiyo maana akanunua kamera ya kufunga nyuma ya tela akaniambia, "Mwanangu, wewe una subira, ifunge," nami nikatoboa juu ya dirisha la nyuma, nikabana waya chini ya tela usiburuzike, nikaziba tundu kwa silikoni, nikachukua umeme kwenye taa ya rivasi ili picha ije yenyewe kwenye skrini ya mbele kwa dereva, ikaja safi kabisa, nikacheka peke yangu.

Kumbe ina maiki. Baba alimwambia mama sasa apumzike ndani, mama akajibu, "Kwani kamera ikiona mti itapiga kelele?" akaenda kusimama nyuma kama kawaida yake, chini ya kamera kabisa, akapaza sauti, "Njoo baba watoto, njoo, uko sawa!" kisha skrini ikanong'ona, "Kushoto, we mzee, kushoto! Kushoto ni huko ulikovaa saa. Ningeshika mimi usukani tungekuwa tumeshakula." Bahati nzuri baba alikuwa ametoa kichwa dirishani na injini inanguruma, nikawahi kupunguza, na tangu hapo akirudi nyuma mimi huinamia skrini nikijifanya naangalia picha.

Sasa mjomba, kaka yake mama, anayeuza redio, amemwambia baba kamera za siku hizi zina sauti, na Jumamosi anakuja kuifungulia, na baba amewaalika majirani waone, hata yule wa ukuta, na mama atakuwa nyuma akisema yake, na baba akichekwa mbele za watu huweza kununa wiki nzima asile mezani nasi. Nikimwambia mama atajua nilikuwa nasikiliza, na mimi kusema mbele ya mtu siwezi. Nifanyeje? Tafadhali usitaje kazi ya baba, na hii ibaki siri yetu.

Binti Mnyamavu

*

Binti,

Kwanza hongera. Tundu la juu ya dirisha wengi huliacha wazi, mvua ikanyesha kitandani. Wewe umeliziba. Mkono wako hauna kasoro, kasoro iko kwenye sikio. Mama yako ana mahali pamoja tu pa kupumua, nawe umempelekea maiki! Unacheka? Usicheke. Jumamosi ndiye atakayeaibika, si wewe.

Unasema huwezi kusema mbele ya mtu. Basi usiseme mbele yake. Leo hii, baba akiwa kazini, mwombe mama akae mbele kwenye skrini. Injini izimwe, breki ya mkono juu, washa swichi, weka rivasi, pandisha sauti. Kisha nenda nyuma ya tela, simama pale pale anaposimama yeye, useme polepole: "Mama, yote uliyoyasema hapa nimeyasikia. Nisamehe. Jumamosi mjomba atafungua sauti." Atakusikia vizuri kuliko ulivyowahi kusikika mezani. Atapiga kelele kidogo. Vumilia, ni haki yake.

Akishatulia, mwambie amwombe baba usukani hiyo Jumamosi. Si anasema angeweza? Aonyeshe. Baba akasimame nyuma aelekeze, mjomba afungue sauti mpaka mwisho, na majirani wasikie nani mwenye maneno. Akigonga ukuta mama, ndoa itakuwa sawasawa. Asipogonga, mtakula mapema. Baada ya hapo zima maiki, na sikio lako lirudi kwako.

Kuhusu siri usihofu, kazi ya baba yako nimeibadilisha. Kwa hiyo wewe fundi wa mizani unayesoma hapa, mwenye tela na pipa lililobonyea, si wewe. Funua ukurasa. Nanyi wasomaji wengine, mkikutana naye sokoni, pimeni vitu vyenu, nyamazeni.