Babu Yako Katobolewa Kichwa na Bado Anagomba

Mchombe, njia ya Mlimba,
Ifakara.
9 Julai 2025

Mpendwa mjukuu wangu Evod, mume wangu mdogo,

Hujambo? Unakula? Kwenye baridi ya huko Ufini unavaa soksi, au unaringa? Mimi mzima, ni magoti tu yananitukana. Anayeandika ni dada yako Rosemery. Nimemkataza kupamba maneno.

Babu yako alijigonga kichwa kwenye mlango wa ghala la mpunga. Akacheka. Majuma yakapita, akaanza kuburuta mguu, kisha akaacha kusema. Hospitalini wakaona damu imejikusanya ndani ya fuvu, inakandamiza ubongo.

Wakasema watatoboa waitoe, ila huwa inarudi. Kwa hiyo wanajaribu njia mpya: mpira mwembamba unapita mshipa wa pajani mpaka kichwani, unaziba kamshipa kanakovujisha. Hawapati wote, kompyuta inapiga kura. Najua ulisema kwenye simu babu si panya wa majaribio. Panya haombwi ruhusa, mimi niliombwa. Nikaweka dole gumba, kura ikamwangukia.

Alipozinduka baada ya kazi hiyo, macho yanatazama, mdomo kimya. Anaulizwa huu mwezi gani, kimya. Hapo nililijutia dole langu, nikalia.

Kumbe mtani wetu Leodegar wa Kiberege kasikia babu yako Melkiori kapasuliwa kichwa, akamalizia mwenyewe kwamba kafa! Akalikuta koti la babu yako barazani kwetu, akalivaa kama watani wafanyavyo msibani, akaja hospitali kudai mwili. Kaingia wodini anajikongoja kwa mwendo wa babu yako, analia: "Mimi Melkiori, bahili wa Mchombe, nimekufa na kuku wangu sikumwonjesha mtu!"

Babu yako akanyoosha kidole. "Vua koti langu, mbwa wewe!"

Leodegar alitimua mbio, wodi nzima vigelegele. Daktari akasema tusiisifu njia mpya bado, watamfuatilia waone kama damu itarudi. Leodegar anadai dawa ni yeye.

Kisha daktari akamwuliza babu yako mimi ni nani. "Mama Ignas." Jina lake? "Mama Ignas." Daktari akaguna, eti kumbukumbu bado. Nikamwambia, mwanangu, tangu nimzae Ignas hajaniita vingine, usimwandike mgonjwa kwa adabu yake.

Babu yako akanitazama. Akasema polepole, "Justa."

Nikamwambia anyamaze, watu wanasikia.

Baba yako Ignas na mama yako Dativa wanakusalimu sana. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe na meno yako yote.

Ni mimi bibi yako nikupendaye, na nitakayekuchapa usipopiga simu,

Justa