Damu Yako Bado Iko Maabara, Cucu

Cucu, nyanya yangu mpendwa,

Ulipenda salamu za kuulizia kila kitu mpaka ng'ombe, kwa hivyo nianze na ng'ombe. Yule mwekundu amezaa ndama jike. Majani chai yamestawi mvua hii. Mama hajambo, ila bado anapika chakula cha watu wengi kuliko tulivyo, halafu anakitazama sufuriani. Mimi niko kidato cha tatu. Bado naogopa kuinua mkono darasani, na bado nasoma huku nikitembea, mpaka watu wa Runyenjes wamezoea kunipisha njiani.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lililokuja nyumbani likikutafuta, na hukuwepo kulijibu.

Unawakumbuka wale vijana wawili wa mikoba myeupe? Ulikuwa bado una nguvu, unabeba kikapu cha majani chai mwenyewe hadi kituoni. Uliwaketisha kwenye viti vyenye vitambaa ulivyofuma, ukawapikia chai ya maziwa mengi, ukawakatia mkate. Walieleza kwamba wanafanya utafiti. Walitaka kujua kwa nini shinikizo la damu huharibu figo za watu wengine wa milima hii na kuwaacha wengine. Waliongea Kiswahili cha haraka, kila sentensi ikimalizika kwa Kiingereza, na kila walipopumua wewe uliitikia, "Ii," ile ndiyo ya Kiembu ya kuonyesha tu kwamba unasikiliza. Ukanyoosha mkono wakatoa damu. Ukaweka kidole gumba mahali walipokuonyesha.

Walipokuwa wameshavuka kijito ndipo uliponigeukia. "Sasa hiyo damu wanaenda kuifanyia nini?"

Nilishangaa, nikakuuliza kwa nini hukuwauliza wenyewe. Ukaniangalia kama mtoto asiyelelewa vizuri. "Mgeni akiwa bado anakunywa chai yako, humwambii hapana. Wala humwambii hujamwelewa."

Nimekuja kuifikiria sana sentensi hiyo. Huku kwetu ni heshima, na sitaki tuipoteze. Lakini mtu akitaka damu yako, heshima hiyo inamfanya asikie ndiyo ambayo hukuisema.

Na si kwamba hukupenda kuuliza. Mimi ulinihoji kuliko mwalimu yeyote. Jioni tulipokuwa tukipukuchua maharagwe nilikusomea kitabu changu cha sayansi, nikikitafsiri kwa Kiembu kadiri nilivyoweza. Siku niliyokuambia kwamba figo hufanya kazi kama chujio, uliacha maharagwe mkononi ukauliza, "Na chujio likiziba, nani analiosha?" Nilipekua kurasa zote za sura ile. Jibu halikuwemo.

Jibu tulilipata hospitalini Embu, figo zako zilipoharibika, kwenye mashine ya kusafisha damu. Wakati wa likizo nilikusindikiza. Ulizoea kuwatania wauguzi, ukimwita yule mrefu mkwe wako ili akupe blanketi la ziada. Siku moja tulikuwa tumeketi kwenye benchi tukisubiri zamu, ukaanza kuongea kama mtu aliyekuwa akiendeleza mazungumzo ya kichwani.

"Wale watoto waliochukua damu yangu, walipata walichokuwa wakitafuta?"

Nikasema sijui.

"Kama wamejua, si watuambie na sisi."

Hukulirudia. Muuguzi alikuita, ukainuka, ukaniachia leso yako niishike. Baada ya muda si mrefu tulikuzika sehemu ya juu ya shamba, upande unaotazama mlima.

Likizo iliyopita akaja Daktari Kawira. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Nkubu, na ndiye sasa anayeongoza utafiti ule. Alitupa pole, akakaa, akaeleza polepole. Damu yako bado iko maabara, Cucu. Wameihifadhi kwenye barafu. Sasa wanataka kuitumia kwa swali jipya: kama kuna dalili ndani ya damu inayoweza kuonya mapema, kabla figo hazijaharibika. Lakini wewe uliulizwa kuhusu swali la kwanza tu. Kwa hili la pili ni lazima iombwe ruhusa nyingine, na kwa kuwa hupo, amekuja kuiomba kwa jamaa zako. Tukikataa, itaharibiwa kwa heshima na jina lako litaondolewa.

Mjomba Njeru alikuwa amesimamisha pikipiki mlangoni, kofia bado mkononi. Unamjua mwanao. "Kumbe damu ya mama imefika Nairobi," akasema, "na mwenyewe hakuwahi kupita Embu mjini. Daktari, ilipanda gari gani?" Daktari akatabasamu lakini hakuna mwingine aliyecheka. Mama alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitambaa cha meza. Nilijua anataka kukataa, na nilijua anaona vibaya kukataa, kwa sababu kikombe cha daktari kilikuwa hakijafika nusu.

Ndipo Mjomba akanigeukia.

"Tunasumbuka bure. Mama mwenyewe si huyu hapa? Mama, unasemaje?"

Unajua ameniita mama tangu nikiwa kwenye nepi, kwa kuwa mimi ndiye niliyerithi jina lako. Amekuwa akiniambia nimpikie mwanangu chakula, nimnunulie mwanangu viatu, na jamaa wote hucheka. Siku hiyo hakuwa anatania. Kwetu mwenye jina la mtu ni kama mtu huyo amerudi, na watu wote chumbani waligeuka kunitazama kama wanavyomtazama mwenye neno la mwisho. Lingekuwa jambo rahisi kutoa jibu moja na kurudi kwenye kitabu changu.

Lakini nilikumbuka jinsi ulivyotazama njia baada ya wale vijana kuondoka. Mara ya kwanza ruhusa yako ilichukuliwa wewe ukiwepo. Sikutaka mara ya pili ichukuliwe kupitia kwangu.

"Jina nimepewa," nikasema. "Damu yake siwezi kuisemea. Naweza tu kusema nilichomsikia akisema."

Nikawaambia maneno yako ya kwenye benchi. Mama hakuwa ameyasikia kamwe. Akaliachia pindo la kitambaa. Nami, kabla ujasiri haujaniisha, nikamuuliza daktari walipata nini mara ya kwanza.

Daktari Kawira aliweka kikombe chini. Akasema matokeo yaliandikwa, yakasomwa mbele ya wataalamu kwenye mikutano yao.

"Na hapa?" Mama akauliza.

"Hapa hatukurudi," akasema. "Hilo ni kosa letu, sitalitafutia kisingizio."

Nikamwambia kwamba basi jibu letu ni bado. Aje kwanza awaeleze watu walichokipata kutoka kwenye damu zao, kwa lugha wanayoweza kubishana naye, mahali ambapo hakuna aliyempikia chai. Akishamaliza, ndipo aulize. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya mgeni.

Alipoondoka Mjomba alitikisa kichwa. "Mama umemfukuza daktari. Nikiugua utanitibu wewe?" Lakini nilisikia baadaye kwamba kwenye kituo cha majani chai alimsimulia kila mtu, na katika masimulizi yake nilikuwa nimesimama wima nikinyoosha kidole.

Na daktari akarudi. Alikuja Jumapili, ibada ilipokwisha, akasimama kwenye uwanja wa kanisa. Alijaribu Kiembu na kila aliposhindwa Kimeru chake cha Nkubu kikatokea, na watu wakacheka, na Mama Ireri, aliyekuwa akichuma chai mstari wa karibu na wako, akamsahihisha kwa sauti. Daktari akacheka pia akaendelea. Alisema wengi waliopimwa walikuwa na shinikizo la damu bila kujua. Kisha akasema kwamba miongoni mwa wale ambao figo zao ziliharibika haraka, wengi walikuwa wakimeza kila siku vidonge vya maumivu vya dukani, vile vya mgongo na magoti.

Kabla hajaonyesha pakiti niliijua rangi yake. Ulikuwa nazo kwenye kopo la siagi dirishani. Ukitoka kuchuma chai ulimeza viwili kama mtu anayeonja ugali. Wakati mwingine ulinituma mimi dukani, na mwenye duka alikuwa akiniuliza tu kama nataka na sukari.

Nilimfuata daktari nikamuuliza kama ungeacha mapema ungepona. Akasema hajui. Kwa watu wengi anaweza kusema, kwa mtu mmoja hawezi. Nilitaka jibu jingine, lakini nilimwamini zaidi kwa sababu ya hilo. Jambo moja tu halihitaji utafiti: yale maneno yaliandikwa wewe ungali na masikio ya kuyasikia. Yalisomwa kwenye ukumbi wa watu ambao hawachumi chai.

Nilikasirika, Cucu. Niliketi kwenye ngazi za kanisa nikataka tukatae, damu yako imwagwe, wabaki na swali lao. Mama alikaa kando yangu. Tukamwona Mama Ireri akifungua fundo la leso, akatoa vidonge vyake akamwonyesha daktari. "Hata dawa hizi?" Daktari akamshika mkono, wakaongea kwa muda mrefu. Mama Ireri aliviacha vidonge mezani kwa daktari akaondoka bila kuvitazama tena.

"Nikikataa," Mama akasema, "nitakuwa nimemwadhibu nani?"

Alikubali siku ile ile, lakini si kwa ii ya mgeni. Alimfanya daktari aeleze mara mbili. Akataka iandikwe kwamba matokeo yatasomwa kwanza kwenye uwanja ule, ndipo yaende kwa wataalamu. Daktari akaandika na kutia sahihi mbele ya watu. Mjomba alikuwa shahidi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kifaa cha kupima shinikizo alichokuja nacho daktari kina kazi. Kipimo chake kilikuwa juu. Sasa anameza dawa, anasahau, namkumbusha, ananung'unika kwamba hata kaburini mama hamwachi mtu apumzike.

Watu huniambia niwe daktari. Nataka kuwa mtafiti, na nataka kuwa yule anayerudi. Shuleni nimeomba klabu ya sayansi ituruhusu kutafsiri kwa Kiembu yale tuliyosikia kuhusu vidonge, tuyabandike madukani. Mwalimu amekubali. Itabidi nisimame gwarideni kuwaeleza wenzangu. Nitasimama.

Kuna moja la mwisho. Daktari Kawira anataka pia damu ya wazao wako, kuona kama dalili ile ya kuonya mapema inarithiwa. Kwa sababu ya umri wangu, Mama lazima akubali, na mimi pia lazima nikubali. Mmoja wetu hatoshi. Mama amesema yeye yuko tayari, nisimtazame usoni nikiamua. Daktari atakuja Jumamosi kuchukua jibu langu. Nimesoma maelezo yote mpaka mwisho, na kuna mahali pawili sijaelewa. Nitamwambia kwamba sijaelewa. Kisha atanieleza, nami nitauliza tena, na mkono wangu nitaunyoosha nikishajua damu inaenda kufanya nini.

Pumzika, Cucu. Swali lako sasa liko kwangu, na silitui.

Mjukuu wako