Redio Iliyokuwa Tayari kwa Kesho

Jumatatu, 5 Mei
Nashona sare za shule tena. Kola, vifungo, kola. Mchana mume wangu Hamisi kapita kunionyesha redio mpya aliyomnunulia mama yangu, anampelekea Kivinje. Ile ya zamani ya mama kaiacha dukani ili wampunguzie bei, ndiyo masharti yao. Hamisi akipenda kitu haulizi. Boksi limeandikwa: Dijitali Kamili. Ubora wa HD. Tayari kwa Kesho. Nikamuuliza HD ni nini. Akasema ni ubora. Ubora wa nini? Wa HD. Nimeolewa na mtu mzima huyu.

Jumatano, 7 Mei
Nimempigia mama. Anasema redio nzuri. Mama haoni, uzuri wenyewe kaambiwa na Hamisi. Tangu baba afariki redio ndiyo mwenzake: habari, mawaidha, matangazo ya vifo.

Jumamosi, 10 Mei
Kivinje. Redio iko kabatini, imefunikwa kitambaa. Nimeiwasha. Inatafuta. Nimekunywa chai, bado inatafuta. Stesheni zetu zote ni za FM, nayo FM haina. Mama hajasikia hata sauti ya mtu humo ndani. Nikamuuliza mbona hakusema.
“Mkwe kaniletea kwa mikono yake. Nimwambie nini?”

Jumatatu, 12 Mei
Nimekwenda mjini Masoko, duka alikoinunua Hamisi. Muuzaji ana maneno kama yuko mnadani. Dijitali Kamili maana yake haishiki FM. Haichanganyi, anasema, kama vile ni sifa. HD ni jina tu, kiwandani wamelipenda. Tayari kwa Kesho: mitambo ya dijitali ikifika huku, itashika. Itafika lini? Hajui. Wamemuuzia mama yangu kesho. Sijui mjinga ni aliyeyaandika maneno hayo au aliyeyaamini. Wa pili nalala naye.
Redio ya zamani ya mama imeshauzwa. Kwa nani, muuzaji hakumbuki.

Alhamisi, 15 Mei
Bi Somoe wa Mtanda amefariki. Shoga wa mama tangu unyagoni. Kazikwa juzi. Jamaa zake walitangaza redioni, wakijua mama hapitwi na matangazo. Mama kaambiwa leo, na muuza samaki. Nilipofika hakulia. Kaniuliza tu kama watu walikuwa wengi mazikoni. 
Jioni nikamwambia Hamisi yote. Kila neno la kwenye boksi nimemrudishia, moja moja, na dharau juu. Hakujitetea. Nilitaka ajitetee.

Jumapili, 18 Mei
Hamisi kaondoka alfajiri, hakuaga. Karudi magharibi, suruali vumbi tupu. Kumbe kampitia mama wakapanda basi hadi Lindi, akamfikisha Mtanda kuhani msiba. Kamshika mkono mpaka kaburini. Haya kanisimulia mama kwa simu.  Hamisi mwenyewe kakaa barazani, kavua viatu.
Nimempashia wali na samaki. Nikakaa naye mpaka akamaliza.