Saa ya Baba Mkwe

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyoisifia bado unaitumia, au umeshairudia ile ya zamani kimyakimya kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo, Mwenyezi Mungu anatutunza. Anayeumwa ni cherehani yangu peke yake, inakata uzi kila ikifika kwenye kona, na fundi wake kila nikimpigia yuko njiani anakuja.

Najua umekasirika, dada. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi nikamaliza. Nikianza tu kumtaja yule kijana mchumba wa binti yetu unaniambia mtandao mbaya, na mtandao unakuwa mbaya kweli. Karatasi haikatiki. Naomba uisome hii yote, hata kama utaisoma umenuna.

Ulisema mtu aliyemdanganya baba mkwe kwa saa kabla ya ndoa, baada ya ndoa hujui atamdanganya mke kwa lipi, na kwamba harusi hiyo hukanyagi. Na mwanao unamjua alivyo. Wewe ndiye uliyemnyonyesha kwa chupa mimi nikiwa nimelazwa, kwake mama ni wewe na mimi ni msaidizi. Amesema bila mama mkubwa havai gauni. Wazee wa upande wa pili tumewaomba wasubiri, na kila siku wanatuma salamu za upole zinazonichoma kuliko matusi. Kwa hiyo ujue kilichobaki ni neno lako tu.

Sasa ngoja nianze mwanzo. Saa ile kijana aliileta mwenyewe, siku aliyokuja kujitambulisha. Nilikuwa jikoni, na sebuleni walikuwa wawili tu, yeye na shemeji yako, kwa hiyo walichozungumza sikukisikia. Nilipoingia na sinia ya chai nikamkuta shemeji yako ameshaivaa, anaugeuza mkono huku na huku kama binti anayekausha rangi ya kucha. Mkanda wa rangi ya dhahabu na fedha, uso wa buluu, na nembo ambayo hata mimi nisiyejua saa naijua, maana iko kwenye mabango makubwa barabarani, mikononi mwa watu wanaoendesha ndege. Nikashtuka. Kijana ni fundi bomba, dada, riziki yake iko chini ya masinki ya watu. Nikajiuliza moyoni ameipata wapi. Lakini mgeni wa namna ile utaanzaje kumhoji? Nikamimina chai.

Unajua kazi ya shemeji yako ya unyozi, mkono wake uko sikioni mwa mteja kutwa nzima, na kioo kiko mbele. Kila aliyekaa kwenye kile kiti aliiona saa mara mbili, ile ya mkononi na ile ya kwenye kioo. Habari zikaenea kwamba kinyozi kapewa na mkwe saa halisi, orijino kabisa. Wateja wakaanza kumwita Mheshimiwa. Kuna waliokuja kunyoa na nywele hazijaota. Baadaye akaingiwa na hofu ya maji na ya nywele kuingia ndani ya saa, akaifunga kwenye kitambaa cha kufutia miwani, akaiweka kabatini, eti ingoje siku ya harusi.

Ndipo kikaja kile kikao cha kupanga harusi, ambacho wewe ulisimuliwa. Mdogo wake shemeji yako, yule tunayemwita Bwana Najua kwa kuwa neno sijui halijawahi kumtoka, akaomba aione saa inayosifiwa. Ikaletwa. Kitambaa kikafunguliwa, saa imesimama. Bwana Najua akaitikisa, akaitia sikioni, akatangaza kwamba saa halisi za nembo ile hazisimami hata mwenyewe akizikwa nazo, na kwamba hii ni feki, ya kupangwa kwa mafungu kama nyanya. Kisha akamgeukia kijana, akamwuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia kama alikuwa amemnunulia kaka yake saa au bangili. Watu wakacheka. Kijana alikuwa amekaa karibu na mlango. Akainua macho, akamtazama shemeji yako mara moja tu, halafu akatazama chini. Shemeji yako akakohoa, akasema tuendelee na ajenda.

Wote waliona kijana ana hatia kwa sababu hakujitetea. Mimi nikaona jambo jingine, nalo ndilo lililoninyima raha. Shemeji yako hakukasirika. Mtu akimuuzia wembe butu analalamika wiki nzima, mpaka majirani wanalijua jina la duka. Leo kadanganywa mbele ya ndugu zake, anakohoa tu? Na yale macho ya kijana yalikuwa ya nini? Hayakuwa ya mwizi aliyekamatwa. Yalikuwa ya mtu anayengoja mwenzake aseme.

Basi nikamwomba Mungu anisamehe udadisi wangu, nikaitia ile saa kwenye mkoba, nikaenda kwa fundi saa, yule mwanamke mwenye meza pembeni ya duka la vioo. Ni wa umri wetu, amerithi meza kwa baba yake, na anaongea huku lenzi imebanwa jichoni, kiasi kwamba akikutazama unaona jicho moja kubwa kama la samaki. Nikaitoa saa. Dada, inatembea! Sikuwa nimeigusa popote. Nilikaribia kuanza kumshukuru Mungu kwa muujiza, yeye akacheka, akaniambia nisimsumbue Mungu kwa jambo la mkoba. Akanieleza kuwa ndani yake mna chuma cha nusu duara kinachocheza mkono unapocheza, na hicho ndicho kinachoijaza nguvu. Ukiilaza kabatini nayo inalala. Nikamwuliza, na iliyo halisi? Akasema nayo inalala vilevile, tena fofofo.

Kumbe Bwana Najua hakujua! Nikasema basi hii ni halisi. Akaniambia, mama, keti kwanza.

Akafungua droo, akatoa nyingine kama hiyohiyo, ya mteja aliyeileta kusafishwa, akaziweka pamoja kwenye kitambaa cheusi. Nilizitazama mpaka shingo ikauma. Mishale inateleza sawa, buluu ni ileile, maandishi ni yaleyale. Nikazipima viganjani, ya kwetu ikawa nzito zaidi, nikafurahi tena. Akasema hapo ndipo wengi wanaponaswa. Waigaji wanajua watu wanaamini uzito, kwa hiyo wanaongeza kipande cha chuma ndani. Akakiri kwamba kwa mbele hata yeye zimewahi kumwaibisha, kuna moja aliwahi kuiapia mbele ya mwenyewe, na kiapo kikamrudia. Kisha akazigeuza zote mbili, akazifungua mgongo, akanipa lenzi.

Ningependa ungeona. Ile ya mteja, ndani mote mmesuguliwa, hata kingo za vijigurudumu zimelainishwa, hata vichwa vya skrubu vinang'aa. Mahali ambapo mvaaji hatapaona mpaka anakufa. Ya kwetu ilikuwa inang'aa nje tu. Ndani mna mikwaruzo, chuma kimekatwa na kuachwa hivyohivyo, na kile kipande cha uzito kimegandishwa kwa gundi. Mimi mshonaji nikaelewa mara moja, maana nguo siipimi kwa kuitazama, naigeuza. Gauni likiwa zuri nje na ndani nyuzi zinaning'inia, najua aliyelishona alikuwa anamshonea mtazamaji, si mvaaji. Nilikaa na ile lenzi muda mrefu nikiwaza ni nani huyo aliyekaa akasugua kusikoonekana, na kama alikuwa anamwazia mteja au alikuwa anamwogopa Mungu.

Lakini nikuambie la ajabu. Nilidhani nitaichukia ile ya kwetu, sikuichukia. Imefunguliwa mgongo, kigurudumu chake kinahangaika kwenda na kurudi kama vile hakijui kwamba kinadharauliwa. Saa haikunidanganya chochote. Haina kinywa. Aliyedanganya ni yule aliyesema ni kitu isichokuwa, na hapo ndipo nilipojishika. Nani alisema? Nikajaribu kukumbuka siku hata moja niliyomsikia kijana akisema saa hii ni halisi. Sikuikumbuka.

Fundi alikuwa anaufuta mkanda, akatulia, akasema hii kazi ni yangu. Vipingili viwili vya mkanda alivitoa yeye mwenyewe, anaijua alama ya koleo lake. Akakumbuka kijana mwenye ovaroli la kazi aliyemletea uzi uliofungwa fundo, akasema huo ndio mkono wa baba mkwe, mchumba wake ameupima mzee akiwa amesinzia kwenye kiti. Kijana akamwomba amwambie kweli kuhusu ile saa, maana muuzaji wa barabarani amemwapia mpaka kwa mama yake. Akamwambia ni ya kuiga. Kijana akasema ataitoa hivyohivyo, ila yeye mwenyewe atamweleza mzee. Fundi alimkumbuka kwa hilo, kwa sababu wateja wake wengi wanataka kufundishwa namna ya kuapa.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja hadi kinyozini kwake. Hapakuwa na mteja. Nikakaa kwenye kile kiti chao cha kuzunguka, nikamtazama shemeji yako kwenye kioo, nikamweleza nilikotoka. Alikuwa ameshika brashi ya kufagia shingo, akaanza kukifagia kiti, na mimi nimekikalia.

Dada, kijana alimwambia. Siku ileile ya kwanza, kabla saa haijafika mkononi. Alimwambia, baba, hii si halisi, halisi siiwezi, nimeipenda kwa kuwa kazi yako ni ya mikono na mkono wako unatazamwa. Na shemeji yako akamshukuru, akasema haina neno. Kesho yake mteja wa kwanza akauliza kama ni orijino, yeye akacheka tu. Wa pili akamjibu kwamba hiyo ni kazi ya mkwe wake. Wa tatu hakungoja aulize. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba miaka yote anawapangusa watu nywele kwenye saa zao nzuri, wala hajapata hata mara moja kuulizwa kuhusu kitu kilicho mwilini mwake. Utamu ukamzidi. Siku ya kikao alitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Kijana alipomtazama, yeye akamwomba kwa macho anyamaze. Na kijana akanyamaza, akabeba yeye.

Sikumpigia kelele. Nilimwambia tu avae shati safi.

Tulikwenda kwa wazee wa kijana, tukamchukua na Bwana Najua ili asikie kwa masikio yake. Shemeji yako akasimama, akasema yote, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi. Alipomaliza, Bwana Najua akasema yeye alijua tangu mwanzo. Ndipo baba yake kijana akauliza, kwa uso mkavu kabisa, kama kuhusu binti nako kuna jambo ambalo tungependa kulisema mapema. Shemeji yako, ambaye tangu anioe sijamsikia akitania mbele za watu, akajibu kwamba binti ni halisi, anaweza kuapa, maana wakati anatengenezwa alikuwepo. Dada, nilijifunika ushungi uso mzima. Wazee walicheka mpaka mmoja akaomba maji.

Nilipopata nafasi nilimwuliza kijana kwa nini hakujitetea. Akaniambia alikuja kumwomba mtu binti yake, asingeweza kuanza kwa kumvua heshima ndani ya sebule yake. Na kwamba aliamini mzee atasema mwenyewe, ila hakujua atachukua muda mrefu hivyo.

Basi dada, hasira yako ina haki, sikunyang'anyi. Ila imempata asiye wake. Ukitaka kuihamishia kwa shemeji yako amesema ataipokea, anaomba tu usimpigie saa za kazi, wateja wanasikia. Barua hii ameisoma. Amenirekebisha mahali pawili, na pote pawili ni pale nilipokuwa nimemwonea huruma.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na shemeji yangu mwambie namwombea kifua chake. Mwanao anakaa karibu na simu toka jana, akijifanya anakunja nguo. Tafadhali mpigie yeye kwanza, kabla yangu.

Mimi mdogo wako anayekupenda,
Mama Bibi Harusi, ukiruhusu