Mama, O Imepata Mwenyewe

Mama,

Wamelisoma jina lako. Wamelisoma kwa sauti, mbele ya watu wote waliokuja nyumbani Gumbo Jumamosi: "Mama ya Viola na Emanuel." Mimi wa kwanza, Emanuel wa pili, kama ulivyotuzaa. Na aliyesoma ni Baba Mkubwa, kwa mdomo wake mwenyewe. Nilitaka kupiga kigelegele, kikageuka kilio. Mdogo wako aliyesafiri kutoka kwenu Koboko ndiye aliyenipigia, akapiga mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana hukuwa unapenda habari inayoanzia mwisho.

Unakumbuka maneno haya yalikoanzia. Tulikuwa bado kambi ya wakimbizi Uganda, nina miaka kumi na minne, wakatupima damu shuleni. Nikarudi nyumbani na kadi yangu nimeishika kama cheti. O. Baba alikuwa A, na wewe ulikuwa B tangu kliniki ya wajawazito. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa amekaa wiki moja kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, basi akajiona daktari. Aliigeuza kadi mbele nyuma, akasema: "Baba iko A, mama iko B. Sasa hii O imetoka wapi?" Emanuel alipopimwa akawa A, Baba Mkubwa akamnyanyua juu: "Huyu iko damu yetu kabisa." Tangu siku hiyo ukawa mwanamke wa Koboko aliyeingia na mimba ya watu. Tuliporudi Juba, maneno yakarudi pamoja nasi. Kila Krismasi ulipika, wakala, wewe ukabaki jikoni. Baba akanyamaza.

Na mimi je, Mama? Siku ile ulikuwa unatwanga muhogo, nikakuuliza baba yangu ni nani. Ukauacha mchi ndani ya kinu. Hukunipiga. Ulinipa chekeche, tukaendelea na kazi. Ungenipiga ningepata nafuu. Nisamehe. Nilipaswa kukuomba hilo ukiwa unanisikia.

Ndiyo maana nilisomea maabara. Wenzangu darasani walitaka kazi, mimi nilitaka jibu. Nilipolipata nilikimbia hadi kwenye kibanda chako cha unga pale sokoni Malakia: A na B wanaweza kuzaa O! Ulikuwa unampimia mteja. Hata hukugeuka. "Sasa wewe ndio unaniambia mimi?" Tulicheka hadi mteja akauliza kuna nini. Lakini nyumbani nani angenisikiliza? Mtoto anamtetea mama yake, wakasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Ukafa na neno hilo likiwa bado juu yako.

Ikaja habari ya karama yako, ile siku ya kumaliza matanga. Unajua desturi yao: kabla ya maombi, mkubwa wa ukoo anasimama na kumtaja marehemu kwa watoto wake, na asiyetajwa ameshatolewa katika nyumba hiyo. Baba Mkubwa akatuma ujumbe kwamba atamtaja Emanuel peke yake. Emanuel alitaka kwenda kumtukana. Nikamwambia atulie, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa silali.

Mwezi mmoja kabla ya karama, Habuba, bibi yetu, mama yao Baba na Baba Mkubwa, akateleza bafuni akavunjika nyonga. Ilibidi apasuliwe, na damu ilitakiwa haraka. Wanawe wakaja hospitalini ninakofanya kazi maabara, Baba Mkubwa akiwa mbele, mkono wa shati ameshaukunja. "Mimi ndio mtoto yake ya kwanza," alimwambia mwenzangu wa zamu, kama vile damu ni urithi wa kugawa kwa umri. Mwenzangu akampima. A. Baba, A. Emanuel, A. Akampima Habuba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupimwa.

O, Mama. Habuba ni O!

Nilimwomba mwenzangu arudie. Akarudia. Nikaomba nione mwenyewe, na kweli, hakuna tone lililoganda, na hiyo ndiyo alama ya O. Nilivuta kiti nikakaa. Miaka yote ile wanauliza O imetoka wapi, kumbe imekaa pale pale kwenye kiti chake cha kamba, inakunywa chai.

Baba Mkubwa alifoka pale dirishani: damu ya mama yake inamkataaje yeye? Mwenzangu akamweleza taratibu kwamba mtu wa O huweza kumsaidia wa A na wa B, lakini yeye akiugua anapokea ya O tu. Damu ya A ikiingia mwilini mwake, mwili utaipiga vita, na mgonjwa anaweza kufa. Siku ile kati ya ndugu wote waliokuwepo aliyemfaa alikuwa mmoja, mimi. Wakajaribu damu yangu na yake kwenye kichupa, zikapatana. Nikalala kitandani, nikatoa. Baba Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akiutazama mfuko ukijaa. 

Habuba alipopata nguvu nilimweleza yote, nikamwambia majibu ni yake, bila ruhusa yake sifungui mdomo. Akasema ataufungua yeye.

Jumamosi wakambeba na kiti chake hadi katikati ya watu. Baba Mkubwa kashika karatasi, hajaanza hata kukohoa, Habuba akainua fimbo. "Hii O iko yangu. Mimi ndio nilileta kwa hii nyumba. Nani iko na maneno?"

Akaielekeza fimbo kwangu. Akaniita nieleze. Nikaokota vizibo vya soda, nikavipanga mezani. Kila mtu ana viwili, kimoja cha mama, kimoja cha baba. A ikikaa na O, inayoonekana ni A, O inajificha. Habuba hana cha kumpa mtoto ila O, kwa hiyo Baba anayo. "Na wewe pia unayo, Baba Mkubwa," nikamwambia. Watu wakacheka, naye akajishika kifua kana kwamba ataipapasa. Halafu nikamsimamisha Emanuel, yule wa damu yetu kabisa. Kama Mama angempa B, B ingeonekana. Haionekani. Basi alimpa O; na kama Baba na Mama wote wana O iliyojificha, mtoto wa O anaweza kuzaliwa kwao. Ushahidi wako ndiye huyo waliyekuwa wakimnyanyua juu kila siku, Mama!

Sikuwadanganya. Niliwaambia kundi la damu haliwezi kuapa kwamba Baba ndiye baba yangu. Linaweza kumkataa tu, na halikumkataa. Ushahidi waliokushtakia nao haukuwepo hata siku moja.

Hapo Baba akasimama. Alisema alijua wewe ni mkweli, ila alimwogopa kaka yake. Akalia mbele ya watu. Bado nina hasira naye, sitakuficha, ila chai namtilia sukari. Baba Mkubwa akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasoma. Umeshasikia alichosoma. Kisha akasema, "Mama ya Viola, mimi nilikosa." Sahani ya kwanza ya chakula akaamuru ipelekwe kwa ndugu zako wa Koboko, chini ya hema, mbele.

Lala sasa, mama yangu. Umeshinda, na wameshuhudia wote.

Nami nakuahidi hili. Juzi alikuja dirishani kwetu mama mmoja, kadi ya mtoto mkononi, watu wa mumewe nyuma yake wamekunja nyuso. Nilivua glavu, nikatoka nje, nikamwekea kiti akae kwanza. Nikawaeleza wote, mpaka wa mwisho akaelewa. Kila atakayekuja hivyo nitamfanyia hivyo hivyo.

Kwaheri, Mama.

Binti yako, na wa Baba,
Viola