Upande Wako wa Gari

Mpendwa mke wangu, Mama Koku,

Huko uliko natumaini hakuna vumbi. Hapa Kirumba lipo la kututosha wote wawili. Nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, bega la kulia limegoma kupanda, magoti yanalalamika, na kucha zangu zimeshika rangi ya damu ya mzee kana kwamba nimechinja. Sijachinja. Nilikuwa naling'arisha gari letu. Na safari hii nimeng'arisha na upande wako.

Utasema, sasa hilo nalo ni la kuandikia barua? Tulia nikueleze, haraka zako nazijua.

Unakumbuka tulivyogawana. Siku gari lilipofika ulisimama pale uani, majirani wanasikia, ukatangaza: "Kila mtu atang'arisha upande anaokaa. Tusije tukalaumiana." Basi Jumamosi asubuhi, kabla jua halijayachoma mawe, tulilisukuma hadi kivulini, tukaweka jiwe chini ya tairi lisitukimbie kwenye huu mteremko, tukaanza. Mimi kulia kwenye usukani, wewe kushoto. Kwenye boneti na paa tulikutana katikati kama nchi mbili zenye mgogoro wa mpaka.

Mimi nilikuwa na sabuni ya unga ya kufulia na nguvu za bure. Wewe ulikuwa na ndoo mbili, moja ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Ukishamaliza kuosha na kukausha, ulivaa ile nailoni ya mkate mkononi kama glavu, ukapapasa mlango taratibu, umefumba macho. Ulisema nailoni huonyesha chenga ambazo vidole peke yavyo havizijui. Ukizipata unazirudia. Ndipo unafungua polishi, kidogo tu, eneo la ukubwa wa sahani, unazungusha kitambaa bila haraka, unafuta kabla haijakauka. Mwisho nta. Mimi wakati huo nimeshamaliza upande mzima na nimeomba chai.

"Wewe Msukuma," ulikuwa unaniambia, "hilo si ng'ombe wa kwenu Magu. Unalisugua kama unamtoa kupe."

"Na ninyi Wahaya," nami nikijibu, "mnataka hata tairi liongee Kiingereza."

Ulicheka mpaka ukashika kioo cha pembeni. Halafu ulizunguka upande wangu, ukaitazama michirizi niliyoiacha, ukarudi zako upande wako. Hapo ndipo nilipojua umenishinda.

Tangu uondoke nimeendelea na Jumamosi zetu. Ila nimekuwa nang'arisha upande wangu tu. Mwanzoni haikuwa makusudi. Mkono ukifika katikati ya boneti ulisimama wenyewe, kwa mazoea. Baadaye ikawa makusudi. Upande wako niliumwagia maji, basi. Nilijua fika kwamba nta ya mwisho uliyoipaka ilikwishaliwa na jua na mvua, na wale korongo wenye vipara wa kule sokoni kwa samaki, Mwaloni, walikwishaacha alama zao juu ya mlango wako. Nilijua. Lakini niliona nikiweka kitambaa changu pale, nitakuwa nimefuta mkono wako wa mwisho. Huku kwangu kunang'aa, huko kwako kumefifia kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Jirani yetu Mama Siwema akaanza kuniuliza, "Baba Koku, gari lako limenyoa nusu?" Nilicheka naye. Nikaingia ndani nikakaa.

Sasa Koku wako ameolewa, jana. Vijana siku hizi hukodi magari meupe yanayofanana kama mayai. Yeye akakataa. "Mimi nitaenda kanisani kwenye gari la mama," akasema. Nilivimba kichwa. Jumatatu akaja kuliangalia. Akalizunguka mara moja, akasimama upande wa kushoto.

"Baba, huku vipi?"

"Huko ni kwa mama yako."

"Najua ni kwa mama. Ndiyo maana nauliza." Akapitisha kidole kwenye mlango, akakitazama. "Baba, gari lina msiba upande mmoja. Mimi bibi harusi nashukia kushoto. Nitashukaje kwenye msiba?"

Nikamwambia akatafute hayo magari yake ya mayai. Hakunijibu vibaya, umemlea vizuri. Alisema tu, "Kama huwezi, nitapanda la kukodi. Sitakulazimisha." Ile sauti ya chini ilinimaliza. Nikaona nikiendelea kukumbatia vumbi, mtoto atakwenda madhabahuni ndani ya gari la mtu tusiyemjua, na wewe utakuwa umekosekana mara mbili.

Alhamisi nikavaa nailoni ya mkate. Mama Koku, kazi yako ni ngumu! Nilidhani ulikuwa unajivuta tu. Nilipapasa ule mlango nikafumba macho kama wewe, nikasikia chenga kama mchanga kwenye wali. Nikaosha tena. Nikachukua polishi, eneo la sahani, taratibu. Kitambaa kikageuka chekundu kwa rangi ya gari, nikashtuka kidogo, nikaendelea. Mchana wote. Nikamaliza na nta, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi, nikarudi nyuma kuutazama mlango. Ulikuwa bora kuliko wangu. Kwa kuwa wewe hukuwahi kuuchubua, chini ya ule ukungu rangi yako ilikuwa nzima.

Sikuifuta nta mapema. Nilitaka kuvuta pumzi kidogo. Nikainua macho, nikaona kutoka ziwani linakuja lile wingu kama moshi. Vijidudu! Vilitua kwenye nta mbichi vyote kwa pamoja, mlango, dirisha, bampa, na mimi mwenyewe nikiwa nimefungua mdomo. Mama Siwema alitoka kuanua nguo zake akaniona. "Baba Koku, umelitia gari ndevu!" Nilitamani kulia, ila vingeingia machoni pia.

Ijumaa nikaanza upya, upande wako wote, tangu ndoo ya kwanza. Bega ndipo lilipogoma. Nikamalizia na mkono wa kushoto.

Jana sasa. Naendesha mwenyewe, suti inanibana, Koku nyuma amejaa na gauni lake. Uwanja wa kanisa umejaa magari. Mzee mmoja wa kanisa ananiongoza kwa mikono miwili, "Sogea, baba, sogea, bado, bado." Nikasogea. Nikatii mpaka mlango wa kushoto ukabusu ukuta. Usingefunguka hata kwa mjusi.



"Baba," Koku akasema, "umeniegesha ukutani."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama angekuwepo angekuua." Akaanza kucheka, nami nikacheka, na wapambe wake waliotusubiri nje wakapiga kelele kwamba wanja utachuruzika. Nyuma yao vigelegele vikalipuka. Akajivuta kwenye kiti na kitambaa chake chote, akashukia upande wangu, wenye michirizi. Picha zote za kushuka ni za upande wangu. Nikamshika mkono tukaingia.

Baada ya ibada maharusi walitoka. Kaka yako ndiye aliyekuwa awaendeshe hadi ukumbini. Koku alikataa kukaa nyuma. Alizunguka, akapandia mlango wa dereva, akajisukuma na gauni lake hadi kiti cha mbele cha kushoto, bwana harusi ikabidi akunje miguu nyuma kama mzigo wa dagaa. Nilibaki kwenye ngazi za kanisa. Gari likarudi nyuma polepole kutoka ukutani, na upande wako ukajitokeza wote juani, mlango hadi mlango. Wingu la angani lilipita ndani yake kama kwenye maji. Kioo kikashushwa, Koku akatoa mkono, akauweka juu ya mlango pale ulipozoea kuuweka wewe, akashika kweli kweli, wala hakunipungia.

Leo gari limerudi na vumbi la mji mzima. Nitaliosha, lakini si leo. Leo nimechoka, mke wangu, uchovu wa mtu aliyemaliza kazi. Acha nikalale.

Mumeo,
Baba Koku