Sura Moja Mbele Yangu

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Tabata hatujambo. Mama yako amerudi kazini, na miguu yangu inanifikisha mpaka sokoni.

Umeniuliza ulipie tuisheni ya usaili wa serikali huko Dodoma, au usome mwenyewe. Nilipojiandaa na usaili kama huo, wenzangu walikwenda darasani. Mie nilisoma mwenyewe, na kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa jirani yetu Mzee Komba, karani mstaafu wa Kurasini. Hakunifundisha kitu. Aliniuliza maswali tu, nami nikikwama alisema, "Rudi ukasome, binti." Niliamini anajua kila kitu.

Nilipofaulu nikampelekea mkewe kanga. Akacheka, akanionyesha daftari la mumewe. Maswali yote yalikuwemo, na pembeni ameandika majibu yangu. Kumbe mzee naye alikuwa mgeni wa mambo yale. Alikuwa ameazima kitabu kilekile nilichokuwa nikisoma, akawa anakisoma sura moja mbele yangu, wiki baada ya wiki.

Mama yako ameniletea nakala ya kitabu unachosoma. Nimefika sura ya tatu. Nipigie Jumapili, nina maswali.

Bibi yako,
Anastazia